Reli Haina Rangi Moja

Nikikuuliza leo reli ina rangi gani, utanijibu nini? Wengi watasema ni nyeusi. Wengine, hasa watoto waliojifunza kuchora kwa kutazama vitabu, watasema ina rangi ya fedha, inametameta kama kijiko kipya. Majibu yote mawili ni ya mtu aliyepita kando ya reli mara nyingi lakini hajapata kuitazama.

Swali hili liliingia nyumbani kwangu Kawangware kupitia kwa binti yangu aliye Gredi ya 6. Mwalimu aliwaagiza wanafunzi watengeneze mfano wa chombo au njia ya usafiri kwa vitu vinavyopatikana nyumbani. Kama ujuavyo, watoto wa mitaa yetu ni mafundi wa kuzaliwa. Wenzake walikimbilia matatu za kartoni na magari ya waya yenye magurudumu ya ndara kuukuu. Yeye akachagua reli, kwa ajili ya babu yake.

Baba yangu alifanya kazi ya kukarabati njia ya reli tangu enzi za Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka wa 1977 na kila nchi kuchukua reli yake, yeye aliendelea na kazi ile ile: nyundo, spana na jua. Sasa macho yake yamefifia na huona kwa vidole zaidi kuliko kwa mboni. Mjukuu wake alitaka kumtengenezea reli ya kupapasa.

Vipimo havikutusumbua. Reli kongwe iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896, ikafika Nairobi mwaka wa 1899 na Kisumu mwaka wa 1901, ina upana wa mita moja kati ya chuma na chuma. Ile mpya ya Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa mwaka wa 2017, ni pana zaidi, milimita 1,435. Tukaamua kuipunguza ile kongwe mara 25. Mita moja ikawa sentimita 4, na binti yangu akapata hesabu ya bure bila kulalamika.

Tatizo likaja kwenye rangi. Alikuwa amekwisha kununua mkebe mdogo wa rangi ya fedha. Nilipomwambia kuwa reli halisi si hivyo, akanitazama kwa uso wa kusihi.

"Baba, mimi nataka iwe safi. Reli yetu ni ile inayopita Kibera. Tukiipaka kutu, watasema ni kwa sababu sisi ni watu wa Kawangware, tumezoea uchafu."

Maneno hayo yalinichoma, msomaji. Mtoto wa miaka 12 alikuwa amekwisha kujifunza kwamba mahali anapotoka panafaa kupakwa rangi kabla ya kuonyeshwa watu. Sikumhutubia. Jumamosi iliyofuata nilimwambia avae viatu vya kutembea.

Kawangware kwenyewe reli haipiti. Iliyo karibu nasi ni ile inayotoka stesheni kuu ya Nairobi, ikakatiza Kibera, ikaelekea Dagoretti na Kikuyu kabla ya kuteremka Bonde la Ufa. Tulikwenda Kibera tukasimama mbali kidogo na njia, mahali watu wanapovukia, yeye na daftari lake na mimi na mkono wake. Nilimpa kazi moja tu: andika kila rangi unayoiona.

Kwanza hakuandika kitu. Kisha kalamu ikaanza kukimbia. Ubavu wa reli ulikuwa kahawia iliyokolea, karibu na rangi ya kahawa iliyokaangwa. Palipokwaruzwa karibuni, kutu ilikuwa mbichi, ya rangi ya chungwa. Kokoto zilikuwa za kijivu pembeni, lakini karibu na chuma ziligeuka kahawia. Katikati ya njia palikuwa na mchirizi mweusi wa mafuta. Watu wanapovukia, udongo mwekundu uliokuja na viatu vyao ulikuwa umefunika kokoto. Na juu ya reli, pale gurudumu linapokanyaga, palikuwa na ukanda mwembamba unaong'aa kiasi cha kuumiza macho.

"Baba, kumbe fedha ipo!" akasema.

Ipo, lakini si ya mkebe. Chuma kikipata maji na hewa hushika kutu, na kutu kongwe hukolea kuliko kutu mbichi. Vumbi la breki, ambalo lina chembe za chuma, huangukia kokoto na kuzipaka kahawia. Mafuta na grisi hudondoka katikati. Lakini kila gari moshi linapopita, magurudumu husugua sehemu ya juu na kuondoa kutu iliyoanza kuingia. Treni zikikoma kupita, ukanda ule nao hupoteza mng'ao wake. Kwa hivyo ukitaka kujua kama reli ingali inafanya kazi, usitazame ubavu wake, tazama juu.

Jioni tulimsomea babu yale maandishi. Alitikisa kichwa kwa kila mstari, kisha akaongeza yake. Alisema mataruma, yaani vile vipande vinavyolazwa chini kushikilia reli, mengi katika njia yetu yalikuwa ya chuma kwa sababu mchwa walikuwa wakiyala ya mbao. "Ya chuma mpake rangi ya kutu. Mkiweka ya mbao, kumbukeni mbao kuukuu haiwi kahawia, huwa kijivu kama jivu la jikoni." Alisema pia kwamba kwenye kona, reli ya nje hung'aa hata ubavu wake wa ndani, maana gurudumu huiegemea likipinda.

Binti yangu akamwuliza, "Babu, ni hapo Kibera walipoing'oa?"

Mzee alinyamaza kitambo. Mnamo Januari 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, vijana waling'oa sehemu ya reli Kibera, na mizigo ya kwenda magharibi mwa nchi na Uganda ikakwama. Nakumbuka siku ile baba yangu hakula. Sasa akamjibu mjukuu wake kwa upole: "Ni hapo, mama. Ikarudishwa. Reli hurudishwa. Wale watu waliokufa ndio hawakurudishwa."

Sasa, msomaji, huenda nawe una mtoto mwenye kazi kama hii, au unapenda tu kutumia mikono. Hebu nikueleze tulivyofanya. Gharama yake ni ndogo.

Chukua ubao, ulaze juu yake kipande cha kartoni ngumu kiwe tuta la njia. Kata mataruma kwa kartoni, kila moja karibu mara mbili ya upana wa njia, uyagandishe kwa nafasi zilizo sawa. Reli ifanye kwa waya mnene wa chuma ulionyooshwa vizuri. Tumia chuma halisi. Utaona sababu yake baadaye.

Kisha changanya rangi. Usitumie nyeusi peke yake, maana nyeusi tupu huonekana kama shimo. Chukua kahawia, tia nyeusi kidogo na nyekundu kidogo zaidi, na hakikisha ni rangi isiyong'aa ikikauka. Paka reli yote na mataruma. Kabla haijakauka kabisa, gusiagusia mahali pachache kwa kahawia hafifu yenye wekundu. Usifanye kwa mpango, kwa kuwa mvua nayo haina mpango.

Baada ya rangi, zitie kokoto. Ponda mawe madogo, uyapepete kwa chujio kuukuu la chai, unyunyize katikati na pembeni, kisha utumie burashi kavu kuyaondoa juu ya mataruma. Nyunyizia maji yenye tone la sabuni ya kuoshea vyombo. Sabuni hufanya maji yapenye badala ya kusimama juu kama shanga. Halafu dondoshea gundi nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Acha usiku kucha.

Kesho yake, chukua rangi ile ile ya kahawia uizimue kwa maji mengi hadi ifanane na chai ya rangi. Ipitishe kandokando ya reli ili kokoto zipate doa. Fanya mchirizi mweusi hafifu katikati. Palipo na kivuko, nyunyiza udongo mwekundu mkavu uliopepetwa, uusugue kwa kidole. Mwisho kabisa, chukua msasa laini uuzungushie kijiti kilichonyooka, usugue juu ya waya tu. Rangi itatoka na chuma kitang'aa. Huko Marekani, ambako kuna watu wazima wanaojenga reli ndogo zilizopunguzwa mara 87 na kuendesha injini za umeme juu yake, hatua hii hairukwi hata kidogo: rangi ikibaki juu, umeme hauifikii injini na treni haiendi.

Binti yangu alipofika hatua ya mwisho, mambo yakageuka. Yeye aliyekuwa akikataa kutu sasa alikuwa ameipenda kupita kiasi. Alipaka tope kila mahali, akamwaga majivu, akatupa vijikaratasi, mpaka juu ya reli. Akampelekea babu. Mzee akapitisha kidole juu ya waya, polepole, toka mwanzo hadi mwisho.

"Kazi nzuri," akasema, "lakini reli hii imekufa. Hakuna treni iliyopita hapa."

Alirudi akashika msasa.

Nimelifikiria neno hilo siku nyingi. Mitaa yetu, Kibera na Kawangware, husemwa kwa njia mbili. Wapo wanaotaka kuipaka rangi ya fedha mgeni anapokuja, taka zifichwe na watoto wavalishwe sare. Na wapo wanaokuja na kamera, wakachukua tope na mtaro tu, wakaenda zao. Hao wa pili hudhani wanasema ukweli kwa sababu wameonyesha kutu. Lakini hawakutazama juu. Hawakumwona mama anayefungua kibanda saa kumi na moja alfajiri, wala fundi wa vitanda vya chuma, wala maelfu wanaotembea kwa miguu kwenda viwandani wakati wengine wangali wamelala. Hapo ndipo panapong'aa, na mng'ao huo umetokana na kazi ya kila siku.

Mfano ulipelekwa shuleni. Haukuwa wa kwanza wala wa mwisho katika alama. Lakini mwanafunzi mwenzake anayekaa Laini Saba aliinama akautazama kwa muda, kisha akaonyesha ule udongo mwekundu kwa kidole: "Hapa ni pale tunapovukia sisi!" Binti yangu alifika nyumbani akisimulia hilo kabla hajavua mkoba.

Basi ukitaka kujaribu, mchukue mwanao mkatazame kwanza kabla ya kununua rangi yoyote. Simameni mbali na njia. Msikae juu ya reli wala msipime chochote pale, kwani gari moshi halina uwezo wa kukukwepa. Nendeni na daftari. Na kama hamwezi kufika penye reli, anzeni na bati la jirani, au lango la plotini kwenu, muone lina rangi ngapi. Nina hakika zitazidi tatu.