Kilomita 21 za Mweka, jua la Februari na mguu uliowahi kupata ufa

Moshi. Saa 10:30 alfajiri taa ya jikoni kwa shangazi, eneo la Kiborloni, ilikuwa imeshawaka. Mgeni wake, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Dar es Salaam, alikaa kwenye kigoda akifunga kamba za raba. Binti yake wa miaka 9 alichuchumaa mbele yake, akaweka kidole gumba kwenye ugoko wa mguu wa kushoto, sehemu ya chini ya katikati, akabonyeza.

"Hapa?"

"Hapo hapaumi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mama."

Mtoto alibonyeza mara ya pili, kwa nguvu zaidi, huku akimtazama mama yake usoni kuona kama atakunja sura. Mchezo huo waliuanza Septemba, na kwa kweli haukuwa mchezo. Mtoto aliyemwona mama yake akitembelea magongo wiki tatu haamini maneno matupu.

Kilimanjaro Marathon imekuwa ikifanyika Moshi tangu mwaka 2003, kwa kawaida mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Kuna kilomita 42, kuna kilomita 21 na kuna kilomita 5 za kujifurahisha, ambazo familia nyingi hukimbia, hutembea au hubeba watoto mgongoni. Mwalimu alijiandikisha kilomita 21. Baba watoto na watoto wao wawili walijiandikisha 5.

Shangazi wa mume hakuufurahia mpango huo tangu siku walipoteremka kwenye basi. "Mguu umevunjika, umepona, sasa unaupeleka Mweka?" aliuliza. Alipojibiwa kwamba haukuvunjika, ulipata ufa tu, alicheka kwa sauti. Kwake yeye mfupa una hali mbili, mzima au uliovunjika. Lakini jioni alipika mtori, ule mtori mzito wa ndizi na nyama ambao Wachaga humpikia mwanamke aliyejifungua ili arudishe nguvu, akauweka mezani na kusema leo nyumbani kuna mzazi wa mfupa.

Mzazi huyo wa mfupa alikuwa amejiumiza mwenyewe, na hilo hulisema bila kuficha. Mwaka jana alijiunga na klabu ya jogingi ya mtaani kwao, wale wanaokutana saa 11 alfajiri wakiwa na fulana za rangi moja. Mwezi wa kwanza alikimbia kilomita 5, mara tatu kwa wiki. Mwezi wa pili, kwa kuwa wenzake walikuwa wanakwenda Daraja la Tanzanite na kurudi, naye akawafuata, akafikisha kilomita 35 kwa wiki. Wakati huohuo alikuwa anataka kupungua. Asubuhi chai kavu, mchana wali kiasi, usiku hali. Uzito ulishuka, na wenzake ofisini walimsifia. Hedhi ikaruka mwezi mmoja, kisha wa pili. Akadhani ni uchovu wa mitihani ya watoto.

Maumivu ya ugoko yalianza kama ya kawaida, yanakuja akikimbia, yanaondoka akipumzika. Baadaye yakawa yanakuja akitembea. Mwishowe yalimwamsha usiku. Kituo cha kwanza alichokwenda kilimpiga picha ya eksirei, kikamwambia mfupa ni mzima, kikampa dawa ya maumivu. Alimeza dawa, akaendelea kukimbia.

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Ufa wa aina hii hautokani na kuanguka. Mfupa ni kitu hai, hubomoka kidogo ukifanya kazi na kujijenga tena ukipumzika. Kazi ikizidi ujenzi, unaanza kuchanika polepole. Wiki za mwanzo eksirei inaweza isioneshe kitu kabisa, halafu wiki mbili au tatu baadaye picha ileile ikaonesha kivuli cha mfupa mpya unaojaribu kuziba. Ndivyo ilivyokuwa kwake. Daktari wa pili alibonyeza ugoko kwa kidole kimoja, akaona mgonjwa anaruka, na kabla ya picha yoyote akauliza maswali mawili ambayo mwalimu hakuyategemea: unakula nini, na hedhi yako ikoje. Mwanamke anayefanya mazoezi mengi huku akila kidogo hupungukiwa na homoni zinazolinda mifupa, na kuruka kwa hedhi ni moja ya dalili za mapema. Wasichana wa sekondari wanaocheza michezo nao wamo kwenye hatari hiyo. Mama mwenye binti anayekimbia UMISSETA afadhali amuulize swali hilo kuliko kungoja aulizwe na daktari.

Tiba haikuwa na maajabu. Magongo wiki tatu, kisha kutembea bila kukimbia hadi zipite wiki nane. Chakula cha usiku kikarudi, pamoja na maziwa, mayai na dagaa wa kukaanga wanaoliwa na mifupa yao. Mtaalamu wa tiba ya viungo alimpa mazoezi ya kunyanyua visigino akiwa ameshika ukuta, na watoto wakawa wanahesabu. Katikati ya Septemba akaruhusiwa kukimbia dakika moja na kutembea nne. Dakika moja! Wana klabu waliokuwa wanampita walimpigia makofi, na yale makofi, anasema, yalimuuma kuliko mguu.

Kwa hiyo asubuhi ile ya Februari alikuwa na miezi mitano ya kupanda ngazi moja moja, mbio moja ndefu ya kilomita 18, na ahadi aliyompa binti yake: maumivu yakirudi mahali palepale, anasimama na kupanda gari.

Watu wa Dar wana imani kwamba Moshi ni baridi. Imani hiyo huletwa na wale waliokwenda Juni au Julai, wakalala na mablanketi mawili. Februari ni habari nyingine. Masika bado hayajaanza, mawingu ni machache, na mchana nyuzi joto 30 na zaidi ni jambo la kawaida. Tofauti na Dar ni kwamba hewa si nzito. Dar jasho hutiririka hadi likaingia machoni, kwa hiyo unajua unapoteza maji. Moshi linakauka usoni kabla hujalifuta, unabaki na chumvi kwenye nyusi na unadhani hujatoka jasho.

Viwanja vya Chuo Kikuu cha Ushirika vilikuwa vimejaa kabla jua halijachomoza vizuri. Kibo ilionekana yote, nyeupe juu, kama kawaida yake ya asubuhi kabla haijajifunika. Watu walikuwa wanapiga picha wakiipa mgongo. Binti alimuuliza mama yake kama atampita Simbu. Tangu Alphonce Simbu alipotwaa ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo, Septemba 2025, akimshinda Mjerumani kwa sehemu tatu tu za mia za sekunde, mtoto huyo hupima wakimbiaji wote kwa kipimo hicho. Mama alimjibu kuwa leo atampita konokono.

Njia ya kilomita 21 haifichi tabia yake. Ukishatoka mjini unaelekea mlimani, barabara ya Mweka, na unapanda. Kutoka chini ya mita 900 juu ya usawa wa bahari unafika zaidi ya mita 1,100, kisha unageuka na kushuka njia ileile. Kwa wapandaji wa Kilimanjaro, Mweka ni jina la kushukia, ndilo lango ambalo wengi hutokea wakiwa wamechoka na wamefurahi. Siku ya mbio ni kinyume chake, ndiko unakopanda.

Na ni pazuri. Nyumba za mjini zinapungua, migomba inaanza, chini ya migomba kuna kahawa, na kandokando unasikia maji ya mifongo, ile mifereji ambayo Wachaga wameichimba tangu zamani kushusha maji ya mlima hadi mashambani. Wazee wameleta viti nje ya mageti. Watoto wanashangilia kila mtu, hata anayetembea, na wengine wanakimbia na kandambili mita mia moja pembeni yako, bila kutoa jasho, wakikuonesha kwamba kazi unayoifanya si kubwa kiasi hicho.

Mwalimu alipanda kwa mwendo wa kuongea. Huo ndio ulikuwa mpango wake wa joto: akishindwa kusema sentensi nzima, anatembea hadi aweze. Misuli inapofanya kazi, sehemu kubwa ya nguvu inayotumia hugeuka joto, na njia ya mwili ya kulitoa ni kupeleka damu kwenye ngozi. Sasa damu hiyohiyo inatakiwa pia miguuni. Moyo unalazimika kupiga haraka zaidi kwa mwendo uleule. Anayeng'ang'ania muda aliouzoea kwenye baridi anadaiwa, na deni hilo hulipwa kilomita za mwisho. Kwenye kila kituo cha maji alikunywa kadiri ya kiu, na maji yaliyobaki akamwagia shingoni. Hakunywa kwa kujilazimisha. Maji mengi kupita kiasi huishusha chumvi ya damu, na hilo nalo limewahi kuua wakimbiaji.

Kwenye kona ya kugeuzia watu walishangilia kama wamemaliza. Wakaachia miguu. Mteremko ulijaa mikono iliyotawanyika na raba zinazopiga lami pa, pa, pa.

Yeye aliogopa hapo tu. Mtaalamu wake alimwambia mapema: kupanda kutakuchosha, kushuka ndiko kutakakokuumiza. Ukishuka mbio, mguu unatua kwa kishindo kikubwa zaidi, na ugoko ndio unaokipokea. Alipunguza urefu wa hatua hadi zikawa fupi za haraka, kama mtu anayeteremka na ndoo kichwani. Wazee waliokuwa nyuma yake wakati wa kupanda walimpita. Mwanamume mwenye kitambi alimpita akimpa pole.

Kilomita ya 15 ikaja. Kitu kikavuta kwenye mguu wa kushoto.

Alisimama pembeni, chini ya mgomba, akainama. Jua lilikuwa limeshapanda, na Kibo imeshajifunika mawingu. Akaweka kidole gumba palepale, sehemu ya chini ya katikati, akabonyeza. Kisha akapapasa juu zaidi, nyuma, kwenye chafu ya mguu. Kule ndiko kulikokuwa kumekaza, eneo pana, si nukta. Kwenye mfupa hapakuwa na kitu. Alibonyeza tena mara tatu, kwa sababu alijua ataulizwa.

Alipoinua kichwa alimwona kijana amekaa ukingoni mwa mfereji, hatua chache chini yake. Amevua raba moja. Mama mmoja mwenye duka la barabarani alikuwa anamwuliza anaitwa nani, na kijana anajibu kuhusu basi, kwamba basi limeondoka. Ngozi yake ilikuwa ya moto kwa kugusa. Mchovu wa kawaida hujibu swali analoulizwa. Anayechanganya maneno kwenye joto yuko hatarini, hata kama bado anatoa jasho, na kumngoja apumzike ni kumchelewesha. Walimsogeza kivulini, wakamlaza, wakammwagia ndoo ya maji kichwani na shingoni, wakampepea kwa kipande cha boksi na kumwekea vitambaa vilivyoloa makwapani na kwenye mapaja. Hawakumlazimisha kunywa, kwa kuwa asiyejitambua vizuri anaweza kupaliwa. Mtu wa huduma ya kwanza aliitwa na mkimbiaji aliyekuwa na simu, na gari la wagonjwa lilipofika kijana alikuwa ameanza kutaja jina lake. Zilikuwa zimepita dakika kama 20.

Baada ya hapo mwalimu hakuwa na muda wa kutafuta tena. Alitembea dakika nne, akakimbia moja, ule mgawanyo wa Septemba, hadi mjini. Barabara za Moshi zilikuwa zinarudisha joto kutoka chini. Bodaboda waliokuwa wamezuiwa na kamba walimpigia honi. Karibu na uwanja akakimbia moja kwa moja, polepole, akavuka mstari akiwa ametumia saa 3 na dakika 12.

Wanawe walikuwa chini ya mti na medali zao za kilomita 5, midomo imebadilika rangi kwa juisi. Mdogo, wa miaka 5, alitaka kujua kama medali ya mama ni nzito kuliko yake. Baba watoto alimpa maji na hakusema neno, ila alimtazama mguu kabla ya uso.

"Umekimbia yote?" binti aliuliza.

"Hapana. Nimetembea sana, na nimesimama."

"Kwa sababu ya mguu?"

"Kidogo. Nilibonyeza."

Mtoto hakutosheka. Alipiga magoti kwenye nyasi, akashusha soksi iliyojaa vumbi, akatafuta mahali pake.

Shangazi alikuwa amepika mtori tena. Keshokutwa yake, wakielekea stendi, mwalimu alishuka vibaraza vya nyumba kinyumenyume, ameshika ukuta, kwa kuwa mapaja yalikataa kabisa. Ugoko haukuwa na shida. Mtaalamu wa viungo alikuwa amempa wiki mbili bila kukimbia, na kwenye simu yake binti alikuwa ameshaandika tarehe ya mwisho.