Kabla Hujanunua Injini

Migato, Itilima
Mkoa wa Simiyu

Mpwa wangu,

Huku pamba imeanza kwenda mizani. Nimelala nikiiwaza simu yako ya juzi. Unasema fundi wa hapo Bariadi amesikiliza gari dakika mbili tu, akatamka kwamba injini imekufa, tafuta pesa ya injini ya mtumba kutoka Mwanza. Sikatai, injini hufa. Lakini Corolla 110 inayowaka kila asubuhi, hata kama inatetemeka kwenye silensa, yaani bila kukanyagiwa mafuta, inakosa nguvu kilimani na inakunywa petroli, hiyo haijafa. Ina ugonjwa, na huo ugonjwa hakuna aliyeupima.

Mwenye pesa ndogo hana ruhusa ya kubahatisha. Tajiri akikisia akakosa, atanunua spea nyingine kesho. Wewe ukikisia mara mbili, ada ya mtoto imekwenda. Kwa hiyo anza na vipimo visivyodai hata shilingi.

Asubuhi, injini ikiwa baridi, chomoa kijiti cha oili, kisha fungua mfuniko wa kujazia oili uangalie chini yake. Ukikuta rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili. Usiliwashe tena, gasketi ya silinda hedi ndiyo ya kushukiwa kwanza. Ukikuta oili safi au nyeusi ya kawaida, shukuru, endelea. Fungua na rejeta uangalie maji yake, ila ikiwa imepoa kabisa. Nimeona mkono wa mtu uliochunwa na mvuke, sitaki kuuona wako.

Hapo hapo muulize aliyekuuzia kama themostati bado ipo. Mafundi wetu wengi huitoa wakidai nchi hii ni ya joto, haihitajiki. Si kweli. Bila themostati injini huchelewa kupata moto wake, na pengine haiupati kabisa. Kompyuta ya gari nayo inaamini bado ni baridi, inazidisha petroli. Unaweza kulalamikia injini inayokunywa mafuta kumbe imenyimwa kifaa kidogo cha bei ndogo.

Moshi nao unasema. Mweusi ni petroli iliyozidi, wa bluu ni oili inayoungua, mweupe usiokatika hata injini ikipata moto ni maji.

Sasa huko kutetemeka. Naona gari linamisi, yaani silinda moja kati ya nne haifanyi kazi. Iache injini kwenye silensa, kisha chomoa soketi ya nozeli moja, sikiliza, irudishe, uende ya pili. Ukichomoa ya silinda nzima, injini itashtuka na kutaka kuzimika. Ukichomoa na sauti isibadilike, umempata mgonjwa. Wengine huchomoa waya za plagi. Mimi siipendi njia hiyo, inapiga shoti na inaweza kuua koili. Ukishaijua silinda, zima, hamisha plagi yake uiweke kwa jirani, washa upime tena. Ugonjwa ukihama, nunua plagi. Usipohama, hamisha waya. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, maana ukibadilisha vitatu likapona, hutajua ulichokilipia bure ni kipi. Usiku ukiwa mweusi kama wa huku kwetu, fungua boneti injini ikiwaka: waya uliopasuka utauona ukirusha cheche. Ukishaizima injini, kifuniko cha distibyuta nacho kifungue, ufute ule ukungu wa kijani kwenye vichwa vyake.

Filta ya hewa usiisahau. Vumbi la msimu wa pamba, malori yakipishana, huiziba upesi. Na petroli ya chupa za kando ya barabara ni ya bodaboda aliyekwama, wewe usiizoee. EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, walianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya uchakachuaji, lakini chupa ile haina wa kuipima.

Taa ya injini ikiwaka, usikimbilie kulipia kompyuta. Magari ya umri wa lako mengi yana kijisanduku chini ya boneti, kifunikoni kimeandikwa DIAGNOSIS. Injini ikiwa imezimwa, unganisha kwa kipande cha waya matundu ya TE1 na E1, kisha fungua swichi bila kuwasha. Taa itakonyeza. Ikikonyeza mfululizo kwa kasi moja, kompyuta haijaona kosa. Ikikonyeza mara mbili, ikapumzika, ikakonyeza mara mbili tena, hiyo ni 22, sensa ya joto la maji. Lakini namba hukuonyesha njia ya umeme, si kifaa kilichokufa. Fuata waya kwanza. Wewe unalilaza gari ubavuni mwa ghala la pamba, na panya wa ghala hawatafuni mbegu tu, hutafuna na waya.

Yote uyaandike kwenye daftari: silinda ipi, rangi ipi, namba ipi. Ukimwendea fundi na karatasi atakusikiliza kwa adabu nyingine, na wala si lazima awe yule yule.

Hiyo pesa ya injini iache benki. Pima Jumamosi, nipigie simu jioni unisomee daftari, halafu tutajua cha kununua.

Mjomba wako