Safari Moja Tu, Dereva

Mwisho wa mwezi ukifika hapa Nairobi, msomaji mpendwa, huhitaji gazeti kukueleza ni nani aliyepandishiwa kodi ya nyumba. Simama tu kando ya Barabara ya Lang'ata Jumamosi asubuhi utazame pikapu zikipita. Utaona makochi yamepinduliwa miguu juu, kabati la vyombo limefungwa kwa kamba ya katani, friji, mtungi wa gesi, magodoro manne, kuku wawili ndani ya kikapu, na juu ya hayo yote vijana watatu wameketi kama wageni wa heshima jukwaani, mmoja amekumbatia televisheni. Nyuma ya gari imelala karibu iguse lami. Pua imeinuka kama ya ng'ombe anayenusa mvua. Sisi wapita njia hutazama, hucheka, kisha huenda zetu.

Mimi sicheki sana. Kazi hiyo ndiyo inayomlisha kaka yangu mkubwa, na mimi pia ilinilisha. Ana pikapu ya tani moja, na kwa zaidi ya miaka kumi na mitano amekuwa akiiegesha karibu na Dagoretti Corner, akingojea wanaonunua vitanda na makochi kwa mafundi wa Ngong Road. Karo yangu ya sekondari ilitoka humo, na mabati ya nyumba ya mama yetu pia. Ndiyo maana sina subira na wale ambao, kila ajali itokeapo, hukimbilia kusema ati madereva wa pikapu ni wakaidi na wenye tamaa. Wenye tamaa wapo, sikatai. Lakini mzigo haujipandishi garini wenyewe.

Sikiliza jinsi biashara yenyewe inavyoanza. Pikapu hukodishwa kwa safari, haikodishwi kwa kilo. Mteja akishakubaliana bei ya kutoka Umoja hadi Rongai, kila kitu atakachokiongeza ni cha bure. Kwa hivyo huongeza. Kwanza hutolewa makochi na vitanda, vile vilivyotajwa wakati wa kupatana. Halafu hutokea cherehani ya nyanya, halafu magunia mawili ya mahindi yaliyoletwa kutoka mashambani, halafu mapipa ambayo hakuna aliyekuwa ameyaona. Kaka akisema, "Mama, hizi ni safari mbili," jibu huwa liko tayari: "Ala! Safari moja tu, dereva. Yule aliyetuhamisha mwaka jana alibeba vyote, na bado watoto wakapanda juu." Na hapo nyuma ya kaka zimejipanga pikapu nyingine sita, ambazo wenyewe hawajaonja hata shilingi tangu alfajiri. Akikataa yeye, wa pili atakubali.

Hebu basi tupige hesabu, maana hesabu hii haihitaji chuo kikuu. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Mifuko 20 ni kilo 1,000, yaani tani moja, na hapo pikapu ya kaka imeshiba. Maji nayo, lita moja ni kilo moja, kwa hivyo mitungi 50 ya lita 20 pia ni tani nzima. Sasa mtu anayejenga huko ng'ambo ya Kiserian huja akitaka mifuko 30 ibebwe, na mafundi watano waketi juu yake. Saruji peke yake ni kilo 1,500. Mafundi watano, hata wakiwa wembamba namna gani, hawakosi kilo 300. Gari limekaribia kubeba maradufu ya uwezo wake, na mwenye saruji bado anauliza kama mabati kumi hayawezi kuegemezwa pembeni.

Sheria ipo. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403 ya sheria za Kenya, husema katika kifungu cha 56 kwamba gari lisibebe mzigo unaozidi ule uliowekwa na waliotengeneza chasisi yake, au ule uliokadiriwa na mkaguzi wa magari. Lakini mizani kubwa za Mlolongo, Gilgil na Mariakani zinayasaka malori, na huko mitaani Umoja hakuna mizani yoyote. Mizani ya pikapu ni jicho la dereva na tumbo lake, na aghalabu tumbo ndilo hushinda. (Kuhusu askari wa trafiki na yale mazungumzo yao mafupi ya dirishani nitanyamaza, kwa kuwa kila msomaji anayajua.)

Wapo wanaodhani wamepata dawa. Huenda kwa fundi wa jua kali, akawaongezea majani mawili matatu ya springi za nyuma, na gari likaacha kuinama. Mteja akiliona limesimama wima husema, "Si unaona bado lina nafasi?" Kumbe breki ni zile zile, tairi ni zile zile, ekseli ni ile ile, na chasisi haijaongezewa hata msumari. Kilichoondolewa ni ile alama iliyokuwa ikiwaonya watu. Kaka husema huko ni kumnyamazisha mgonjwa badala ya kumtibu.

Ugonjwa wenyewe nauelewa kwa sababu nimepanda gari hilo mara nyingi. Mzigo ukilundikwa nyuma ya ekseli, magurudumu ya mbele huwa mepesi, na usukani hulegea mkononi kana kwamba haujaungana na chochote. Mteremkoni, breki zikikanyagwa mfululizo hupata moto hadi zikaacha kushika. Ndiyo maana dereva mzoefu huteremka kwa gia ndogo. Na tairi iliyolemewa hupata joto kwa ndani, usilione, hadi ilipuke.

Trela nalo, Mungu atunusuru. Mteja mmoja mwenye biashara ya kukodisha mahema na viti alimjia kaka na trela lililoundwa kwa ekseli ya gari dogo kuukuu. Halikuwa na breki zake wala taa, na lilishikana na pikapu kwa pini moja, bila mnyororo wa akiba. Viti vya plastiki vilikuwa mbele, vyuma vyote vya hema nyuma. Kaka akataka vihamishwe. Trela hutakiwa kulemea mbele, pale lilipoungana na gari, kwa kiasi cha sehemu moja katika kumi ya uzani wake. Likiwa zito upande wa mkia huliinua gari nyuma, na likianza kuyumba halitulii. Mteja akajibu kwamba bibi harusi hangoji mafundisho. Kaka akakataa kazi, na pikapu nyingine ikaichukua.

Pale Kona Baridi, ambapo barabara ya Magadi huanza kuteremka, trela lilianza kutikisa mkia, kushoto, kulia. Dereva, badala ya kuondoa mguu kwenye mafuta polepole, akashtuka na kukanyaga breki kwa nguvu. Pini ikakatika. Trela likajiendea peke yake hadi korongoni, na viti vya harusi vikatapakaa miongoni mwa mbuzi wa watu. Hakuna aliyeumia siku hiyo. Kisa kilisimuliwa kijiweni miezi mingi, kila mara kwa kicheko.

Kuna kingine ambacho hakisimuliwi. Mnamo mwaka wa 2014 kaka alikuwa amekaa siku mbili bila kazi, na mwenye nyumba wake alikuwa amekwisha kubisha mlangoni. Ikaja familia iliyokuwa ikihama. Safari moja tu, dereva. Akatazama vyombo, akatazama foleni iliyokuwa nyuma yake, akakubali. Utingo wake, kijana wa miaka kumi na tisa, alipanda juu ili ashikilie magodoro yasipeperuke. Njiani walikuta tuta lisilopakwa rangi. Gari likaruka, kamba ikakatika, kabati likateleza, na kijana akaanguka pamoja nalo. Nyonga ilivunjika. Alilala hospitalini wiki saba na kutembea kwa magongo karibu mwaka mzima.

Kaka aliporudi kutoka kumpeleka hospitalini, swali la kwanza aliloulizwa na wenye vyombo lilikuwa ni nani atakayelipia kabati. Watu wa bima nao walitaka kujua majeruhi alikuwa ameketi wapi gari likiwa mwendoni. Walipojibiwa, mazungumzo yakaishia hapo. Gharama zote zilitoka mfukoni mwa kaka na katika harambee ambayo mama aliitisha kanisani. Nilikuwa mweka hazina wa harambee hiyo, na ninakumbuka bahasha moja iliyokuwa na shilingi hamsini na jina la mwenye kabati.

Tangu wakati huo kaka hutaja bei ya safari mbili kabla hata mteja hajafungua mlango wa nyumba, na hakubali mtu akae juu ya mzigo, awe mtoto, fundi au mwenye mali. Wateja wengi humwacha na kwenda kwa wale sita. Yako majuma ambayo hurudi nyumbani na pesa za mafuta peke yake, na shemeji yangu ameanza kuuza mboga mbele ya ploti ili pengo lizibike. Utingo yule bado yuko naye, anachechemea kidogo, lakini sasa huketi ndani, katikati, na mteja mmoja huketi upande wa dirisha. Wengine wa familia huambiwa wapande matatu.

Hapo ndipo ugomvi mpya huanza, kwa sababu hakuna anayetaka kulipa nauli ilhali gari amekwisha kulikodisha. Siku hizi kaka hatoi tena maelezo. Watoto wakiwa wawili au watatu, huwatolea nauli mwenyewe kutoka katika pesa za safari, akawasindikiza hadi stejini, ndipo akaja kuwasha gari.