Madini Katika Dripu ya Dada

Akina mama wenzetu, dada yetu alipogundulika kuwa na saratani ya mlango wa kizazi, tuliambiwa atatibiwa kwa mionzi pamoja na sisplatini, dawa yenye platinamu. Tulishtuka: madini ya pete za arusi za matajiri yaingie mwilini?

Kumbe mwaka 1965 Barnett Rosenberg, huko Marekani, alieleza jinsi platinamu kutoka vijiti vya kupitishia umeme ilivyozuia bakteria kugawanyika. Dawa hii hunasa vinasaba vya seli, zikashindwa kuzaana. Ila haichagui vizuri. Dada alitapika sana. Alitiwa maji mengi mshipani kulinda figo. Kisha masikio yakavuma. (Mgonjwa wenu akisikia hivyo, amwambie daktari upesi.) Sasa shemeji humwita mara mbili ndipo ageuke.