Konokono wa Matumbawe na Sanduku la Biharusi

Msimu wa harusi ukikaribia hapa Mikindani, dukani kwangu swali huwa moja: sanduku lijae nini? Kanga doti ngapi, madera mangapi, udi, manukato, seti ya vikombe. Mimi ni fundi, riziki yangu inatoka humo, alhamdulillah. Lakini kina mama wakikaa kwenye benchi langu kupiga hesabu za vitambaa, siku hizi nawaeleza kwanza habari za konokono mmoja wa baharini.

Huyu hana gamba. Msimchanganye na jongoo bahari yule anayekaushwa na kuuzwa. Wataalamu wamekuwa wakimwita Hexabranchus sanguineus, maana yake mwenye matamvua sita, mwekundu kama damu. Matamvua hayo ndiyo anayopumulia, na yamechanua mgongoni. Konokono wa jamii yake huishi kwenye miamba ya matumbawe kuanzia Bahari ya Shamu hadi Hawaii, na pwani yetu imo. Akikua hufika hata sentimita 40, pungufu kidogo ya dhiraa.

Mimi nilimwona Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Ilikuwa bamvua, maji yametoka, namfuata shangazi akitafuta pweza. Alipochokoa chini ya jiwe, akatoka huyo kwenye kidimbwi. Kingo za mwili wake alikuwa amezikunja mgongoni, kama pindo lililobanwa kwa pini likisubiri cherehani. Mara akazifungua, akaogelea kwa kujipinda juu chini. Wallahi, rinda la hariri nyekundu! Wapiga mbizi humwita mchezaji wa Kihispania kwa sababu ya sketi hiyo.

Shangazi akasema, "Mwache mwanangu, huyo haliwi."

Nikataka kujua kwa nini haliwi, nikasoma. Akiwa mchanga kabisa, anaelea na maji, huwa na gamba dogo. Akishatua kwenye mwamba huliacha, asilirudie tena. Chakula chake ni sponji, wale viumbe laini wenye matundu wanaoota kwenye matumbawe. Sponji hao wana sumu, lakini yeye haimdhuru. Huigeuza, akaiweka kwenye ngozi ya mgongo, na samaki akimwonja humtema. Tena akitaga, mayai hutoka kama utepe uliojiviringisha mfano wa waridi, na ulinzi uleule huwa umo ndani ya mayai.

Hapo nilimkumbuka mama yangu. Nilipoposwa, alisema harusi isubiri nimalize kidato cha nne na kozi ya ushonaji. Ada ikala pesa za sanduku. Siku ya kupeleka vyombo, watu walinong'ona kwamba mzigo wangu ni mwepesi. Miaka ikapita, ndoa ikafika mwisho wake. Kabati, friji na makochi vikabaki nyuma. Nilirudi kwa mama kukaa eda nikiwa na mtoto na begi moja. Eda ilipoisha, nikaazima cherehani, nikaanza kupindia sare za shule barazani. Kukata na kushona hakuna aliyeweza kuninyang'anya.

Simwombei mtu talaka, Mungu apishe mbali. Mume anaweza kuugua. Chombo kinaweza kwenda baharini kisirudi. Nyumba hiyohiyo yenye mapenzi itahitaji mkono wa pili.

Na konokono huyu naye ana kwao. Baruti za wavuvi haramu zimevunja matumbawe mengi kwenye pwani yetu, pamoja na sponji walioota juu yake. Pakikosekana sponji, hana chakula wala kinga, hata awe na rinda zuri namna gani. Binti naye ni hivyo hivyo. Anahitaji mahali pa kujifunzia kabla hajatoka kwao.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja kuagiza sare za wapambe kumi na wawili. Katika mazungumzo nikagundua pesa ile ilikuwa ada ya kozi ya bintiye. Nilimwambia: mama, wapambe wanne wanatosha, gauni la biharusi nitakushonea ulipe kidogo kidogo, mwache mtoto asome kwanza. Binti alikuwa pale, ameinamisha kichwa, vidole vinachezea lesi. Mama akasema atashauriana na wakwe. Bado hajarudi, na kitambaa chao sijakikata.

Dada zangu mnaojiandaa, kungwi atawafundisha yake, na sanduku litajazwa inshaAllah. Lakini kabla ya kuongeza doti nyingine, kaeni na mama zenu muulizane: ujuzi gani umeshaingia mikononi mwako?