Neno "Hakuna Shida" Karibu Liniue

Juma hili ninataka kuwaelezea jambo lililonipata mimi mwenyewe.

Ilikuwa mimba yangu ya tatu, mwezi wa saba. Siku ya CPN nilitoka nyumbani Kadutu saa kumi na mbili asubuhi, maana ukichelewa unakuta benchi limejaa. Zamu yangu ilifika saa sita. Muuguzi alikuwa amechoka, na nyuma yangu wamama walikuwa bado wengi. Kifaa cha kupima tansiyo hakikufanya kazi siku ile. Akaniuliza huku anaandika: "Mama, kuna shida?" Nikajibu: "Hakuna shida."

Shida zilikuwepo. Kichwa kilikuwa kinaniuma siku ya nne, hata usiku. Viatu vilikuwa haviingii tena. Macho yalikuwa yanaona kama vimulimuli. Lakini nilijiambia: miguu kuvimba ni mambo ya mimba, na kichwa ni jua la soko. Tena niliwaza: nikiandikiwa vipimo, nitalipa na nini? Na nyumbani kulikuwa na chupa ya dawa ya mizizi niliyokuwa ninakunywa. Niliona haya kuitaja.

Kesho yake mama mkwe akaja kunisalimia. Akaniangalia, akasema: "Binti yangu, uso huu si wako." Ndipo nikamwambia yote. Hakunigombeza. Akamwita mtoto wetu mkubwa alete kalamu na daftari, akamwambia: "Andika yale mama yako anasema." Mtoto akaandika: kichwa, siku tano. Miguu na uso vimevimba. Macho yanaona vimulimuli. Mama mkwe akatia ile chupa ndani ya kikapu, tukarudi wote wawili.

Sikusema mengi. Nilimpa munganga karatasi. Aliposoma mstari wa tatu, akasimama kwenda kutafuta kifaa kingine. Tansiyo ilikuwa 17 kwa 11. Wakanituma hospitali kubwa saa ileile, wakanipiga sindano za kuzuia kifafa cha mimba, ule ugonjwa unaoua mama pamoja na mtoto. Binti yangu alizaliwa kabla ya wakati, mdogo sana. Tulimbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, majuma mengi. Leo anasoma mwaka wa pili, na hakuna anayemshinda kwa maneno.

Ni kweli, siku ya kwanza walipaswa kunipima. Lakini munganga hakulala nyumbani kwangu. Kichwa changu cha usiku, ni mimi tu niliyekijua.

Tangu siku ile, nikienda kwa munganga kwa ajili yangu ao ya mtoto, ninafanya hivi:

Usiku wa mbele ninaandika mambo matatu, si kumi. Lile linaloniogopesha zaidi ninaliweka la kwanza, maana mara nyingi tunalificha mpaka tunashika mlango kutoka. Ninaandika pia lilianza siku gani. Asiyejua kuandika atume mtoto, ao ahesabu kwa vidole.

Ninabeba fishi na dawa zote nilizokwisha kunywa, za farmasi na za mizizi, hata zile zinazoniletea haya. Munganga akijua, hatakupa dawa ileile mara mbili.

Ninaenda na mtu. Mgonjwa husahau; masikio mawili mengine yanasaidia.

Mbele ya kutoka ninarudilia maneno yake: "Dawa hii ni mara ngapi kwa siku? Kwa siku ngapi? Nikiona nini nirudi mbio?" Na kama pesa ni kidogo, ninasema wazi: "Munganga, kipimo gani ni cha lazima leo?" Kuuliza si kumkosea heshima.

Na wewe mwenye mimba, kichwa kikikuuma sana, uso ukivimba, ao macho yakiona giza ao vimulimuli, usingoje siku ya CPN. Nenda leo, na uombe wakupime tansiyo.

Kwenye likelemba yetu, kila mama anajua deni la mwenzake. Tuulizane pia: "Uso huu ni wako?" Mimi niliulizwa, ndiyo maana ninawaandikia.