Tundu la Ukubwa wa Kalamu

Mwezi wa kumi ukifika huku Minnesota, mashine za kuvuna huingia kwenye mashamba ya mahindi na soya, na ndani ya siku chache shamba lililokuwa limefunga kama msitu linabaki kiwanja kitupu. Panya waliokula humo raha mustarehe tangu mvua za kwanza wanajikuta hawana chakula wala maficho, na baridi ndiyo hiyo inaingia. Ng'ambo ya uzio kuna yadi ya changarawe, na katika yadi hiyo yamepangwa matrela ya kusafiria, safu kwa safu, yasiyo na mtu ndani hadi mwezi wa nne. Mimi ni kibarua wa yadi ya namna hiyo, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kushindana na panya.

Kwa ambaye hajaliona, trela la kusafiria ni nyumba kamili juu ya magurudumu: vitanda, jiko la gesi, friji, choo na bafu, vyote vimebanwa ndani ya boksi la mita saba au nane linalokokotwa na pikapu. Wenye nayo wengi hapa ni wastaafu. Majira ya joto huzunguka nayo maziwani, na Minnesota maziwa hayaishi. Kabla joto halijashuka nyuzi 20 au 30 chini ya sifuri, wanamwaga maji yote, wanapitisha kwenye mabomba kimiminika cha waridi kisichoganda, wanang'oa betri na kufunga mlango. Ile methali ya paka akiondoka inatosha kueleza miezi sita inayofuata.

Mwezi wa nne, ukivuta droo iliyo chini ya sinki, harufu inakuwahi. Kisha unakiona kiota. Karatasi za chooni zimechanwachanwa, zimechanganywa na nyuzi za kuzuia baridi zilizovutwa kutoka ukutani na vipande vya sponji ya godoro. Pembeni kuna rundo la maganda ya alizeti, na mwenye trela anaapa kwamba hajawahi kuweka alizeti humo. Anasema kweli. Panya alizibeba mwenyewe, punje baada ya punje, kutoka kwenye chombo cha kulishia ndege cha jirani. Lakini hasara kubwa huwa nyuma ya kabati, kwenye nyaya za umeme. Panya meno yake hayaachi kukua, kwa hiyo lazima agugune, na waya uliovuliwa ganda lake hadi shaba ikaonekana unaweza kuunguza trela zima siku betri itakaporudishwa.

Anaingiaje? Wenye matrela hudhani ni mlangoni au dirishani. Panya mdogo wa nyumbani hupita kwenye tundu la milimita 6 hivi, upana wa kalamu ya risasi, na matundu ya namna hiyo yamejaa chini ya trela. Fundi wa kiwandani anatoboa sakafu tundu pana ili apitishe bomba jembamba la gesi, kisha anahamia kwenye trela linalofuata. Mwanya uliobaki hakuna anayeuona, kwa sababu hakuna anayelala chali chini ya trela lake. Sisi tunalala. Njia rahisi ni kufanya kazi usiku, watu wawili: mmoja anawasha taa kali ndani, kabati zote wazi, mwenzake anatambaa chini na chaki. Kila mahali mwanga unapochungulia anapatia alama. Mara nyingi ni kuzunguka bomba la maji machafu, pale unapoingia waya mkubwa wa umeme, nyuma ya matairi, na kwenye mpira wa ile sehemu ya chumba inayosukumwa nje trela likiegeshwa. Trela jipya kutoka dukani huwa na alama nyingi tu.

Kuziba nako kuna elimu yake. Povu la kupuliza linaloganda hupendwa kwa kuwa ni rahisi, na panya hulipenda pia, maana hulitoboa bila jasho. Stili waya ya kusugulia sufuria inamzuia, ila ikipata unyevu inaoza kwa kutu. Bora wavu laini wa shaba: unaushindilia kwa bisibisi hadi ukaze, kisha unapaka silikoni juu. Tundu kubwa linataka kipande cha bati na skrubu. Ni kazi ya mgongo na subira. Ukiacha tundu moja kati ya yote, panya atalitumia hilo hilo.

Nikiwa chini kule na tochi mdomoni, ninayemkumbuka ni bibi yangu wa Kilolo, kwa sababu wazee wetu nao walikuwa na boksi lao la kuachwa peke yake na mali ndani. Kihenge cha mahindi kilisukwa kwa fito au mianzi, ambayo Iringa hatuna uhaba nayo, kikakandikwa udongo ndani na nje, kikainuliwa juu ya nguzo na kuvikwa kofia ya nyasi. Kila mwaka kabla ya mavuno bibi alikizunguka polepole akipitisha kiganja ukutani, na palipokuwa na ufa palikandikwa siku hiyo hiyo. Hakuruhusu mti wala kuni karibu. Baadaye mabwana shamba wakaongeza faneli la bati lililopinduliwa, moja kwa kila nguzo, kiasi cha mita moja kutoka chini. Panya akipanda anakutana na bati, kucha hazishiki, anarudi alikotoka. Mmarekani na trela lake la dola maelfu hana kinga hiyo. Matairi, miguu ya kuegeshea na minyororo vyote ni ngazi kwa panya, na hakuna pa kuvalisha bati. Kwa usanifu wa kumzuia panya, kihenge kinalishinda trela mbali.

Tulikiacha kwa sababu zenye maana. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 aliingia dumuzi, yule mdudu aliyeanzia upande wa Tabora na watu wakambatiza Scania kwa jinsi alivyosaga mahindi. Mahindi ya magunzi yaliyokaa kihengeni yakawa karamu yake. Ushauri ukawa kupukuchua, kuchanganya na dawa ya unga na kuhifadhi kwenye magunia. Gunia huibika kirahisi, basi likaingizwa ndani, mara nyingi chumba kile kile cha kulala. Panya akalifuata. Siku hizi kuna mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, inayomuua dumuzi bila dawa, na ni kitu kizuri sana, ila panya akiitoboa kazi yote imeharibika. Kwa hiyo hata huo mfuko wa kisasa unataka kuwekwa juu ya chaga, mbali na ukuta, ndani ya chumba kilichozibwa.

Hatukuweka chumba kilichozibwa. Tuliweka spika. Nenda Iringa sokoni, nenda Kariakoo, vuka mpaka uende Gikomba, utamsikia muuza dawa: panya, mende, kunguni, viroboto, panya, mende, kunguni, viroboto, kutwa nzima hadi betri iishe. Mwenye meza amekaa kimya, rekodi inafanya kazi. Unapewa pakiti ya unga usio na jina wala maelezo, na ukiuliza imetengenezwa na nini unaambiwa wewe nunua tu, utakuja kunishukuru. Panya wanakufa kweli. Na kuku anayedonoa panya aliyekufa yuko hatarini, na paka vilevile, na bundi, ambaye kwetu akilia juu ya paa watu wanaanza kuomba dua ilhali ndiye mwindaji wa bure tuliyepewa. Panya mwingine anafia darini, juu ya jipsam, na familia inamaliza wiki ikinusa kuta.

Msidhani huku wamestaarabika zaidi. Spika hakuna, ila harufu inauzika. Wenye matrela wananyunyizia mafuta ya nanaa kila kona, wanatawanya naftalini hadi trela halilaliki, wanapanga vile vitambaa vya kunukiza nguo kwenye mashine ya kukaushia. Nimeshafungua kabati nikakuta kiota kizuri kilichotengenezwa kwa vitambaa hivyo hivyo. Wengine wananunua vifaa vya kuchomeka ukutani vinavyotoa sauti ambayo sikio la binadamu haliisikii, eti panya atakimbia. Mwaka 2001 Tume ya Biashara ya Shirikisho la Marekani iliwaandikia barua watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 wa vifaa hivyo, ikiwakumbusha kwamba madai yao lazima yawe na ushahidi wa kisayansi. Vifaa bado vimo madukani. Anayeuza kitu cha kukuondolea kazi ya kutambaa chini hakosi wateja, awe Gikomba au Minneapolis.

Mitego nitaipitia haraka, maana hapo tunafanana. Mtego wa springi uelekee ukuta, kwa sababu panya hutembea akiugusa ukuta kwa sharubu na hapendi kukatiza katikati ya chumba. Wao wanaweka siagi ya karanga, sisi dagaa aliyebanikwa, na sioni tofauti ya matokeo. Kilichonishangaza ni mitego ya kumkamata mzima. Kuna mzee mmoja humtia panya wake kwenye gari, anamwendesha maili kadhaa hadi msituni na kumwachia kwa upole. Nilipowasimulia rafiki zangu wa Masasi, ambako panya wa shambani ana jina la heshima la samaki nchanga na anapendeza kwa ugali, waliuliza kama huyo mzee anaweza kubadilisha njia apitie kwao.

Ila kuna jambo moja ambalo Wamarekani wanatushinda, nalo ni jinsi wanavyosafisha. Kwetu ukikuta mavi ya panya unachukua ufagio, unafagia, vumbi linatimka, umemaliza. Huku fagio kavu ni marufuku. Panya wa porini wa Amerika, yule mwenye mgongo wa kahawia na tumbo jeupe, anaweza kubeba virusi vya hanta kwenye mkojo na kinyesi, na mtu huvivuta pamoja na vumbi. Aina hiyo ya virusi ilitambuliwa mwaka 1993, watu walipoanza kufa kwa mapafu kujaa maji kwenye eneo linalokutanisha majimbo ya New Mexico, Arizona, Colorado na Utah. Mwaka 2012 wageni waliolala kwenye mahema ya kudumu katika hifadhi ya Yosemite, California, waliugua, na kati ya wagonjwa 10 waliothibitishwa 3 walifariki. Panya walikuwa wamejenga viota katikati ya kuta mbili za mahema hayo. Kwa hiyo yadini kwetu tunafungua madirisha nusu saa, tunavaa glavu, tunanyunyizia jiki sehemu moja kwa maji sehemu tisa, tunasubiri dakika tano, kisha tunafuta kwa karatasi na kuitupa. Hakuna kinachonyanyuka hewani.

Virusi hivyo vya Yosemite si vya kwetu, lakini panya wetu hawajawahi kuwa wasafi. Waulize watu wa Lushoto, ambako tauni ilirudi tena na tena kuanzia mwaka 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Tauni hubebwa na viroboto wa panya. Panya akifa, kiroboto anashuka kutafuta damu nyingine, na aliye karibu ni mtoto aliyelala chini. Ndiyo maana penye tauni viroboto huuliwa kwanza, panya baadaye. Yule wa spika anauza dawa zote mbili kwenye meza moja na hamwambii mteja aanze na ipi.

Haya yote yana sababu ya kuniuma sasa hivi. Tunamjengea mama nyumba Kilolo, na kaka ananitumia picha za paa kila jioni. Bati ni zile za msauzi, zinapendeza, ila chini ya kila mgongo wa bati, pale linapokaa juu ya ukuta, kuna uwazi ambao kalamu inaingia na bado inacheza. Nyuma ya fisha bodi ndiyo kabisa. Nyumba nyingi nzuri za kwetu zimejengwa hivyo: mlango wa chuma, madirisha ya nondo, na njia za panya kuzunguka paa lote. Nilimpigia fundi nikamwomba azibe migongo yote kwa saruji na kuweka wavu wa chuma wenye matundu madogo, si ule wa banda la kuku, kwenye nafasi za kupitishia hewa kabla dari haijafungwa. Bomba la sinki nalo lizungushiwe saruji pale linapotoka nje.

Fundi alicheka kwa heshima. Akasema, "Dada, huko kwenu mnaogopa panya?" Kisha akanitajia gharama ya ziada. Nilipendekeza tupunguze nakshi za jipsam sebuleni ili hesabu ikae sawa. Mama, aliyekuwa akisikiliza pembeni, alichukua simu, tukasalimiana kamwene kama kawaida, akanipa hukumu: nakshi zisiguswe, na huo wavu ninaoutaka niulipie mimi. Fedha zimeshafika. Kaka ameahidi kupanda mwenyewe na tochi usiku kabla fundi hajapigilia ubao wa kwanza.